Walimu wa Kwaya na Nyimbo za Mpakani

Jumatatu asubuhi mjini Busia, wanafunzi wa upande wa Kenya hupanga mistari mbele ya mlingoti na kuimba wimbo wao wa taifa. Hatua chache kuelekea magharibi, ng'ambo ya foleni ya malori na kituo cha pamoja cha forodha, wenzao wa Uganda nao wanaimba wa kwao. Ni hivyo hivyo Malaba, na ni hivyo hivyo Tororo mjini, chini ya lile jiwe kubwa linaloonekana kutoka mbali. Wengi wa watoto hawa ni ndugu. Ni Wasamia, ni Waiteso, na mjomba yuko upande huu huku shangazi yuko upande ule. Wanazijua nyimbo zote mbili, na wengi wao wanaujua na wa Tanzania, kwa sababu ni mtamu na ni rahisi kushika.

Lakini waulize nani alizitunga. Hata mwalimu wa zamu atakwama. Nimeona niandike habari za watu hao, kwa kuwa wengi wao walitoka katika kazi moja ambayo watu wa Busia na Tororo wanaijua vizuri: kufundisha kwaya na kupiga kinanda cha kanisa. Na habari yenyewe haianzii Kampala wala Nairobi. Inaanzia kusini kabisa mwa Afrika, katika karne ya 19, kwa kijana wa Kixhosa aliyekuwa akijifunza kinanda.

Kijana huyo ni John Knox Bokwe. Alizaliwa mwaka 1855 karibu na Lovedale, kituo cha wamisionari Waskoti kando ya mji wa Alice. Udogoni alifundishwa na William Kobe, mtu wa ukoo wa Ntsikana, yule nabii wa Wakristo wa mwanzo wa Kixhosa aliyefariki mwaka 1821 na kuacha nyimbo ambazo sauti zake hazikuwa zimeandikwa. Waumini walizihifadhi vichwani kwa miaka zaidi ya hamsini, mama akimwimbia mwana. Pale Lovedale, mke wa mkuu wa chuo, James Stewart, alimfundisha Bokwe piano na kinanda. Baadaye Stewart alimfanya karani wake, na kazi hiyo Bokwe aliifanya kwa karibu miaka ishirini: barua, hesabu, posta, telegrafu. Jioni alikuwa mtu wa muziki.

Kinanda cha misheni za wakati ule kilikuwa sanduku la mbao lenye vibati vya shaba ndani na kanyagio mbili chini. Mpigaji anakanyaga kwa zamu, kushoto, kulia, hewa inajaa mfukoni na kupita kwenye vibati, na sauti inatoka. Ukisahau kukanyaga, wimbo unakata pumzi katikati ya neno. Masika yakianza mbao huvimba, funguo zinanasa, na noti moja inaweza kulia ibada nzima bila kuombwa. Kilikuwa chombo cha bei na kizito kusafirisha, na makanisa mengi ya vijijini hayakukiona kamwe. Muziki huu ungebaki katika vituo vya wamisionari kama usingekuwapo ufundi mwingine ambao haukuhitaji chombo chochote.

Ufundi huo ni wa herufi, nao huitwa sol-fa. Mwingereza Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, aliubuni ili watoto waimbe kwa kusoma, na mchungaji John Curwen akauchukua kuanzia mwaka 1841 na kuupanga upya. Badala ya mistari mitano na vidoa, unaandika d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo, mstari wima unatenga kipimo na kipimo, kistari kinakwambia uvute sauti, na alama ndogo chini ya herufi inakushusha. Safu nne, sauti nne, na maneno chini yake. Mashine yoyote ya kuchapa magazeti ingeweza kuuchapa ukurasa huo, na mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuunakili. Ingia leo katika mazoezi ya kwaya Busia au Tororo utaikuta karatasi ya namna hiyo, imekunjwa mara nne na kulainika kwa jasho la mikono. Kwanza wanasoma nota, kila sauti peke yake. Sauti ya tatu ikipotea mwalimu anagonga meza na kuirudisha mwanzo. Maneno yanawekwa baadaye.

Kwa herufi hizo Bokwe aliziandika nyimbo za Ntsikana, akazitoa katika midomo ya wazee na kuziweka kwenye karatasi. Mwaka 1885 alichapisha kitabu cha nyimbo za Lovedale, zikiwamo alizotunga mwenyewe. Kulikuwa na jambo lililomsumbua, na kila mtunzi wa lugha za Kibantu analijua mpaka leo. Maneno yetu yana mpando na mshuko wake. Ukiyapachika kwenye sauti za Kizungu, neno linapanda pale linapopaswa kushuka, na msikilizaji anasikia kitu kingine au hasikii kitu. Wamisionari walikuwa wametafsiri nyimbo zao kwa miaka mingi bila kujali hilo. Bokwe alijali. Alitafuta sauti zinazofuata neno la Kixhosa linavyosemwa, na kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa kuliko kitabu chenyewe.

Mwaka 1892 alisafiri hadi Uskoti na kuimba mbele ya makanisa kule. Baadaye alishirikiana na John Tengo Jabavu kuhariri gazeti la Imvo Zabantsundu, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1906, akaandika kitabu juu ya Ntsikana, na akafariki mwaka 1922. Mwajiri wake Stewart ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1891 kuanzisha misheni ya Waskoti kule Kibwezi, ile iliyohamia Kikuyu mwaka 1898. Kwa hiyo shule iliyomlea Bokwe na ile misheni ya Kikuyu zilipitia mikononi mwa mtu mmoja.

Miongoni mwa vijana waliopitia Lovedale baada yake alikuwamo Enoch Sontonga. Alizaliwa Uitenhage karibu mwaka 1873, akasomea ualimu, kisha akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji wa dhahabu ulikuwa na umri wa miaka michache tu, na watu weusi waliomiminika humo kuchimba walikuwa wakiishi kwa kusukumwa. Sontonga alikuwa mwalimu, mhubiri mlei, mpiga picha, na mwalimu wa kwaya. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto wa kiume. Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari la shule, kwa zile herufi za Curwen, ili wanafunzi wake wapate cha kuimba.

Mwaka 1897, akiwa na miaka kama ishirini na minne, aliandika katika daftari hilo wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Ubeti mmoja na kiitikio. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Boweni. Wako wanaosikia ndani yake mwangwi wa sauti iitwayo Aberystwyth, ya Joseph Parry, mtunzi wa Wales wa miaka ya 1870. Inawezekana, walimu wa kwaya wote wamejaa sauti za wenzao. Lakini namna sauti nne zinavyotembea pamoja kama watu wanaopanda mlima, mimi naisikia kama kazi ya mtu aliyesimama mbele ya watoto na kujua wanaweza kufika wapi.

Sontonga alikufa tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Daftari lilibaki kwa Diana. Walimu wa kwaya walikuja kuazima wakanakili wanachotaka, na mwishowe halikurudi. Kwaya ya shule ya Ohlange ya John Dube iliubeba wimbo huo katika maonyesho yake. Tarehe 8 Januari 1912, pale Bloemfontein, uliimbwa baada ya sala katika mkutano uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliuimba London na ukarekodiwa kwenye sahani ya santuri, Sylvia Colenso akipiga piano. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Ilipofika tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika iliyojitawala ilisimama na kuuimba kwa Kiswahili. Muungano wa mwaka 1964 haukuubadilisha.

Sasa nirudi nyumbani, maana nyimbo hazikufika mpakani kwa ndege.

Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Nchi yote hii, hadi Naivasha, ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na siku hiyo ikahamishiwa himaya jirani, Kenya ya leo, kwa kalamu. Makanisa hayakuhama kwa kasi hiyo. Waanglikana wa Maseno na Nyanza waliendelea kuwa chini ya askofu wa Uganda hadi mwaka 1921. Wakatoliki wa magharibi mwa Kenya walikuwa chini ya Mapadre wa Mill Hill, katika vikarieti ya Upper Nile, mpaka eneo lao, Kavirondo, lilipotengwa mwaka 1925. Na vikarieti hiyo ya Upper Nile, mwaka 1951, ilichukua jina jipya: Tororo. Mtu wa Mumias na mtu wa Tororo walikuwa wa kanisa moja kwa muda mrefu kuliko walivyokuwa wa serikali moja.

Njia ilikuwa ya zamani. Askofu James Hannington alitoka Mumias mnamo Oktoba 1885 akipita nchi hii kwenda magharibi, akauawa Busoga mwezi huo huo. Baada yake, katika miaka ya mwanzo wa karne ya 20, makatekista wa Kiganda walimfuata jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu hadi Bukedi na Mbale. Walikuja na Biblia ya Luganda na kitabu cha nyimbo cha Luganda, wakawafundisha kuimba watu ambao lugha zao zilikuwa Dhopadhola, Ateso, Lunyole na Lusamia. Reli iliyofika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kampala mwaka 1931, ikaongeza vinanda, vitabu na walimu.

Sisemi kwamba watu hawa hawakuwa na muziki. Waiteso walikuwa na akogo na adeudeu, Wadhola walikuwa na tongoli, Waluo jirani zao nyatiti. Kanisani vyombo hivyo vilibaki mlangoni kwa miongo mingi. Ni hasara ambayo bado inalipwa. Lakini herufi za sol-fa zilishikwa kwa hamu ya ajabu, na nadhani sababu ni hii: ziliwapa watu wasio na mali chombo cha kutunga. Mwalimu wa shule ya msingi, mshahara mdogo, bila kinanda, aliweza kukaa chini ya taa ya chemli na kuandika sauti nne zake mwenyewe.

Uganda ilipokaribia uhuru iliunda kamati ya kutafuta wimbo wa taifa, chini ya Senteza Kajubi. Walitaka wimbo mfupi, wa asili, wenye heshima na unaotazama mbele. Aliyeshinda ni George Wilberforce Kakoma, aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma King's College Budo na kisha Trinity College of Music ya London na Chuo Kikuu cha Durham. Alikuwa mkaguzi wa shule upande wa muziki, kazi ya kuzunguka na kusikiliza watoto wakiimba. Wimbo wake ni mfupi sana, kati ya zilizo fupi kuliko zote duniani, hata kwenye michezo ya kimataifa huimbwa beti zaidi ya moja ili wachezaji wapate kusimama kidogo. Ukiuangalia kwa nota unamwona mwalimu wa kwaya mara moja: sauti nne zinasogea kwa pamoja kama katika wimbo wa ibada, kila silabi na pigo lake, hakuna mahali mtoto wa Tororo atakapoangukia shimoni. Tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ilipanda nao.

Kenya ilichukua njia nyingine. Iliunda jopo la watu watano: Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki na maigizo wa serikali, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, mchungaji kutoka Pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Mtazame Senoga-Zake. Alikuwa Mganda kwa kuzaliwa, akaja kufanya kazi yake ya muziki Kenya na kubaki, na mwaka 1986 akachapisha kitabu juu ya muziki wa asili wa Kenya ambacho walimu wanakitumia hadi leo. Kwa hiyo wimbo unaoimbwa upande wa mashariki wa Busia una mkono wa mtu wa upande wa magharibi ndani yake. Hilo tu lingetosha kuwekwa katika kitabu cha darasa la tano.

Watano hao hawakutunga sauti mpya. Walichukua wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, kutoka Tana River, ulioletwa na Mzee Meza Galana, wakaupangia sauti nne na maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ukaimbwa mbele ya taifa. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kabisa uliofanywa katika muziki wa nchi zetu wakati ule. Kile Bokwe alichokihangaikia Lovedale, sauti ifuate neno la watu wenyewe, hawa walikipata kwa mama wa Kipokomo aliyekuwa akimlaza mwanawe. Nota zao ni za kanisani lakini mwendo si wa kanisani, na ndiyo maana hata bendi ya jeshi haijauua. Omondi naye aliendelea na njia hiyo: mwaka 1980 alimaliza udaktari London juu ya muziki wa thum, kinubi cha Waluo, na baadaye akaongoza Tume ya Rais ya Muziki iliyotoa ripoti mwaka 1984. Kile kilichoachwa mlangoni mwa kanisa kilianza kuingizwa ndani na watu wa kwaya wenyewe.

Na malipo? Hapa moyo wangu unauma.

Inasimuliwa kwamba Diana Sontonga, mjane, aliiuza haki ya wimbo wa mumewe kwa peni sita. Peni sita ni nusu shilingi. Ni sumuni. Alifariki mwaka 1929, miaka miwili baada ya beti za Mqhayi kuchapishwa. Kakoma alisema serikali ilimpa shilingi 2,000 za kumshukuru. Magazeti yamezoea kuandika kwamba hizo hazifiki dola moja, lakini hesabu hiyo ni ya shilingi ya Uganda ya siku hizi. Za mwaka 1962 zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki, pauni 100, na mwalimu wa wakati ule asingezidharau. Hata hivyo ni bakshishi ya mara moja kwa kitu kinachotumiwa kila siku na nchi nzima. Mwaka 2008 mzee alikwenda mahakamani kudai haki ya mtunzi. Alifariki tarehe 8 Aprili 2012 kesi ikiendelea, familia ikaibeba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba mwenye haki wa kwanza ni serikali.

Sheria inaweza kuwa upande wa serikali. Sibishani na majaji. Ninachodai ni kidogo zaidi na hakina gharama: jina. Viko vitabu vya nyimbo vya kanisa, hata vilivyochakaa jalada, vinavyoweka juu ya kila wimbo jina la aliyetunga sauti na aliyetunga maneno. Bango la wimbo wa taifa katika ofisi ya mwalimu mkuu mara nyingi lina nembo, lina mpaka wa rangi, lina jina la kampuni iliyolichapa, na halina jina la Kakoma wala la wale watano. Na karatasi za sol-fa zinazopigwa picha na kutumwa kwa simu kutoka kwaya hadi kwaya, Tororo hadi Butula, zinakatwa juu ili zitoshee kwenye skrini, na kinachokatwa ni jina la mtunzi. Wapo walimu wa kwaya hapa mpakani, walio hai, ambao misa walizotunga zinaimbwa parokia tatu mbele na hakuna anayejua ni za nani.

Sontonga yalimpata hayo hadi kaburini. Waafrika Kusini walipotaka kumheshimu, hawakujua alipozikwa. Walipekua madaftari ya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wakitafuta Sontonga, na Sontonga hakuwamo. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu akafikiri kutafuta kwenye herufi E. Katika sehemu iliyotengwa kwa Wakristo weusi, alikuwa ameandikwa Enoch, basi; Mwafrika aliyezikwa mwaka 1905 hakuulizwa jina la baba. Tarehe 24 Septemba 1996 Nelson Mandela alilitangaza kaburi hilo kuwa kumbukumbu ya taifa.